Nimeajiriwa mtakwimu kwenye chuo cha tiba: kazi yenyewe ni ipi?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nilihitimu shahada ya kwanza ya takwimu mwaka jana, na sasa nimepata ajira ya mtakwimu msaidizi katika chuo kikuu cha tiba hapa Tanzania. Nimeambiwa nitawasaidia madaktari wanaosomea ubingwa na wahadhiri wenye miradi ya utafiti. Baiolojia niliiacha kidato cha nne. Kazi hii kwa undani ni ipi, watu hukosea wapi, na huko mbele kuna ngazi ya kupanda?

Jibu: Marahaba. Baiolojia isikunyime usingizi. Ugonjwa utafundishwa na wenye ugonjwa wao: daktari hachoki kueleza anachokitibu, mradi umuulize bila aibu. Kinachowaangusha watakwimu wapya ni kukubali kugeuzwa mashine ya kutoa thamani ya p (namba inayoonesha data kama hizi zingetokea kwa urahisi gani kama tofauti haipo kabisa). Daktari anakuja na faili la Excel, zimebaki siku kumi akabidhi tasnifu, anakuambia "naomba unifanyie analisisi", nawe unafanya. Akitoka hapo ameridhika, na data yake huenda haijibu swali lake hata kidogo. Sehemu kubwa ya msaada wako inatakiwa itolewe kabla mgonjwa wa kwanza hajasajiliwa. Mengi nitakayosema hapa yanahusu kipindi hicho.

Tuanze na kikao cha kwanza. Kompyuta iache imefungwa. Mwombe mtafiti aseme swali lake kwa sentensi moja, na umkataze kutumia neno "uhusiano", kwa sababu ndilo kichaka cha kujificha. Sentensi hiyo itaje ni wagonjwa gani, nini kinalinganishwa na nini, tokeo kuu ni lipi (moja tu, si manne), na linapimwa siku ya ngapi. Kisha chukua karatasi uchore jedwali tupu la matokeo, lenye vichwa vya safu na mistari lakini bila namba, umuulize kila kisanduku kitajazwa kutoka swali lipi la dodoso. Zoezi hili la dakika ishirini huumbua mengi. Mara nyingi dodoso lina maswali themanini na lile tokeo kuu halimo, au limeulizwa kwa namna isiyopimika: "Je, kidonda kilipona vizuri? Ndiyo/Hapana", na hakuna aliyeeleza "vizuri" ni nini wala nani anaamua.

Linafuata suala la ukubwa wa sampuli, na hapa lazima tuizungumzie namba 384. Pekua tasnifu za uzamili kwenye maktaba za vyuo vya afya Afrika Mashariki na hutakosa kukutana nayo. Inatokana na 1.96² × 0.5 × 0.5 ÷ 0.05², ambayo ni 384.16. (Kwa kanuni ya kupandisha juu ilipaswa kuwa 385, lakini hilo tuliache.) Fomula hii inajibu swali moja tu: ninahitaji watu wangapi kukadiria kiwango cha tatizo ambacho sikijui kabisa, makadirio yakikosea kwa pointi 5 juu au chini, na watu hao wakiwa wamechaguliwa kwa bahati nasibu mmoja mmoja. Haijui lolote kuhusu dawa mpya dhidi ya ya zamani. Hata kwenye kukadiria kiwango ina kikomo chake. Tatizo likiwa kwa asilimia 4 hivi ya watu, kosa la pointi 5 maana yake jibu lako linaanzia chini ya sifuri hadi 9, yaani hujasema kitu. Ukitaka kosa la pointi 1 kwa tatizo hilo, unahitaji watu 1,476.

Swali likiwa la kulinganisha, hesabu inabadilika. Chukua wodi ya wazazi ambako kidonda cha upasuaji hupata maambukizi kwa akina mama 20 katika kila 100, na daktari anataka kujua kama dawa mpya ya kusafishia ngozi itashusha hadi 12. Kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 5 (uwezekano wa kutangaza tofauti isiyokuwepo), pande zote mbili, na uwezo wa asilimia 80 wa kuigundua tofauti hiyo (madaktari wote watauita pawa, nawe uite hivyo hivyo), hesabu ni:

(1.96 + 0.84)² × (0.20 × 0.80 + 0.12 × 0.88) ÷ 0.08² = 325.4, yaani akina mama 326 kila kundi.

Ukipandisha pawa hadi asilimia 90, wanakuwa 437. Sasa fidia wale watakaopotea kabla ya kupimwa. Ukitarajia asilimia 10 wapotee, gawanya wale 326 kwa 0.9 upate 363. Wengi huzidisha kwa 1.1 wakapata 359, na wakipotea asilimia 10 ya hao wanabaki 323, pungufu ya walichohitaji. Ni watu watatu tu, lakini mkaguzi wa andiko makini atakushika hapo, na akishakushika hapo atasoma ukurasa unaofuata kwa jicho jingine.

Lakini ubishi wa kweli hauko kwenye kuzidisha wala kugawanya. Uko kwenye ile 12. Imetoka wapi? Daktari akisema "natumaini itashusha hadi 10", wanatosha karibu 200 kila kundi na mradi unakuwa rahisi. Akisema "hata ikishuka hadi 15 ningebadilisha dawa wodini", wanahitajika zaidi ya 900. Usimwache achague tofauti kwa kuangalia mfuko wake. Muulize tofauti ndogo kuliko zote itakayomfanya abadilishe matibabu ni ipi, muiandike, halafu muone kama inawezekana. Uwezekano nao unahesabika. Wodi ikifanya upasuaji 25 kwa wiki na nusu tu wakawa na sifa na kuridhia, akina mama 726 watachukua wiki 58. Daktari mwenye miezi sita ya kukusanya data anatakiwa ayasikie haya leo, abadilishe swali, badala ya kuyagundua mwezi wa tano.

Kuna mtego mwingine hapo, nao ni kuhesabu watu walioshikamana kana kwamba kila mmoja amesimama peke yake. Mfano wa kwetu ni jaribio la vijijini Mwanza lililochapishwa mwaka 1995, la kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya. Jamii 12 zilipangwa katika jozi 6, moja ya kila jozi ikapata huduma iliyoboreshwa. Baada ya miaka miwili, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa asilimia 1.2 upande wa huduma iliyoboreshwa na 1.9 upande wa pili. Watu waliofuatiliwa walikuwa maelfu, lakini kilichogawiwa kwa bahati nasibu kilikuwa jamii, kwa hiyo uzito wa ushahidi ulikaa kwenye zile jozi sita. Watu wa kijiji kimoja hufanana: mganga mmoja, barabara moja, mnada mmoja.

Ufanano huo una bei, nayo ni 1 + (m − 1) × ρ, ambapo m ni idadi ya watu kwa kila kituo na ρ ni kiasi wanachofanana. Tukirudi kwenye mfano wetu, tuseme badala ya akina mama tunagawa vituo, kila kimoja akina mama 30, na ρ ni 0.02, kidogo kama punje ya mtama. Unapata 1.58. Wale 326 wanakuwa 516, yaani vituo 18 kila upande. Mtego uo huo upo hata pasipo vijiji: macho mawili ya mgonjwa mmoja, au mahudhurio manne ya kliniki ya mama mmoja. Faili lenye mistari 400 laweza kuwa na akina mama 100 tu.

Sasa data yenyewe. Hapa ndipo siku zako nyingi zitakapoishia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kosa ambalo vitabu vya Ulaya havitakufundisha ni la saa. Muuguzi anaandika kwenye faili "amepokelewa 3:20 asubuhi", kwa saa ya Kiswahili kama anavyosema siku zote. Karani wa data anaingiza 03:20. Daktari naye, kwa saa za mtindo wa 24, ameandika kwamba dawa ya kwanza ilitolewa 10:05. Ukweli ni kwamba mgonjwa alisubiri dakika 45. Kompyuta inasema alisubiri saa 6 na dakika 45. Kila utafiti unaopima "muda tangu kupokelewa hadi kutibiwa" chora mchoro wa tofauti za muda kabla ya kugusa kitu kingine. Ukiona vilima viwili vilivyoachana kwa saa sita, au kundi la tofauti hasi karibu na saa sita, umeshamkamata mwizi. Usirekebishe kwa kutoa sita kichwani, maana wapo waliosubiri saa sita kweli. Rudi kwenye faili la karatasi, mgonjwa kwa mgonjwa. Na kwenye fomu inayofuata weka visanduku vinne vya saa ya mtindo wa 24, na chini yake maandishi madogo: saa 3 asubuhi = 09:00.

Tarehe ni ndugu wa saa. 03/04/2024 kwenye kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Marekani ni tarehe 4 Machi, na 23/04/2024 inabaki maandishi tu kwa sababu hakuna mwezi wa 23. Kwa hiyo nusu ya tarehe zimegeuzwa kimyakimya na nusu zimegoma. Andika mwezi kwa herufi, au tumia mpangilio wa 2024-04-03. Tarehe za kuzaliwa zikirundikana 1 Januari, ujue ni za watu wasiojua siku yao. Umri ukirundikana kwenye 30, 35 na 40, ni ule ule ugonjwa, na hakuna programu itakayoutibu. Na "99" iliyowekwa kumaanisha "haijulikani" siku moja itaingia kwenye wastani wa umri, halafu utamkuta bibi halisi wa miaka 99 katikati yao.

Zingatia utaratibu huu mpaka uwe mazoea. Faili ulilopokea livike kufuli la kusomwa tu, usilibadilishe hata herufi. Kila marekebisho yaandikwe kwenye skripti (faili la maagizo kwa programu ya takwimu), iwe ya Stata au ya R, pamoja na sababu yake, ili mtu akikuuliza baada ya miaka miwili kwa nini mgonjwa namba 217 hayumo, uwe na jibu. Kama mradi haujaanza kukusanya, wahamishe kutoka Excel waende REDCap au ODK, programu za kukusanyia data, ambako ukiweka mipaka, uzito wa mtoto mchanga wa kilo 32 unashtukiwa pale pale kitandani. Majina na namba za simu zikae faili tofauti lenye nywila, lisilokuja kwako. Mtu akikutumia orodha ya wagonjwa wenye VVU kwa WhatsApp, futa na umwambie kwa nini. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, Kenya tangu 2019. Kibali cha maadili, na makubaliano ya kupeleka data nje ya nchi kama yapo, omba uoneshwe, usiishie kuambiwa.

Ukipanda hadi kwenye majaribio ya tiba, utakabidhiwa kazi ya kugawa wagonjwa kwa bahati nasibu. Orodha unaitengeneza wewe, kwa kompyuta, nayo haikai kliniki. Usitumie mafungu ya wanne wanne tupu (wawili dawa A, wawili dawa B). Muuguzi makini akishaona A, A, B anajua wa nne ni B, na mwenye ndugu kwenye foleni ataweza kusubiri zamu. Changanya mafungu ya wanne na ya sita. Kama ni bahasha, ziwe hazipitishi mwanga, zina namba za mfululizo, na herufi za mgonjwa ziandikwe juu kabla ya kufungua. Bahasha huinuliwa kwenye taa. Usifikiri ni hadithi.

Kazi nzito kuliko zote ni kuandaa ripoti ya kamati huru inayofuatilia data wakati jaribio linaendelea. Jaribio la FEAST, lililochapishwa mwaka 2011, liliuliza kama watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu wanafaidika kwa kuongezewa haraka maji mengi kwenye mishipa, katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Miongozo ilikuwa inasema ndiyo. Lilikusudiwa kusajili watoto 3,600. Januari 2011 kamati ilipendekeza usajili usimame wakiwa wamefika 3,141. Ndani ya saa 48 walikuwa wamefariki asilimia 10.6 ya waliopewa maji ya albumini (protini ya damu) kwa haraka, 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi kwa haraka, na 7.3 ya ambao hawakupewa vile. Hiyo ni zaidi ya vifo 3 vya ziada kwa kila watoto 100.

Mtakwimu anayeandaa sehemu ya siri ya ripoti za namna hiyo anaona makundi wakati mtafiti mkuu haoni, na hatakiwi kusema lolote, hata uso wake kantini usiseme. Ndiyo maana mtakwimu huyo asiwe yule yule anayeshauriana na timu kila siku. Na kanuni ya kusimamisha jaribio iandikwe mapema. Ukichungulia data mara tano, kila mara ukitumia kipimo kile kile cha p chini ya 0.05, uwezekano wa kutangaza tofauti isiyokuwepo unapanda kutoka asilimia 5 hadi karibu 14.

Kwenye uchambuzi wenyewe nitakuwa mfupi, kwa sababu hapo shahada yako inakubeba. Usiweke thamani za p kwenye jedwali la sifa za wagonjwa wa jaribio lililogawiwa kwa bahati nasibu. Tofauti yoyote hapo tayari ni ya bahati. Kanuni ya "kila kigeu chenye p chini ya 0.2 kiingie kwenye modeli" imerithishwa kutoka tasnifu hadi tasnifu bila mtu kuuliza. Chagua vigeu kwa kuchora nani anamsababisha nani, pamoja na daktari, kabla ya kuona matokeo. Uwiano wa odi (odi ni waliopata tokeo kugawanywa kwa wasiolipata) usiusome kama "mara ngapi zaidi" tokeo likiwa la kawaida: asilimia 60 dhidi ya 40 ni uwiano wa odi wa 2.25, lakini ni mara 1.5 tu. Na kila tofauti iandike pamoja na mipaka yake ya asilimia 95 (chini na juu ya pale tofauti ya kweli inapoelekea kuwa), kwa sababu p peke yake haimwambii daktari kama tofauti ni kubwa.

Sasa ngazi. Kwenye vyuo vyetu, bila uzamili hupandi hadi mhadhiri msaidizi, na bila uzamivu huwi mhadhiri. Chuo cha KCMC Moshi kinafundisha uzamili wa epidemiolojia na takwimu tumizi za afya, Chuo Kikuu cha Nairobi kina uzamili wa takwimu za tiba, na Witwatersrand cha Johannesburg ndicho kilichoongoza mtandao wa SSACAB uliosomesha watakwimu wa tiba wa Afrika. Nje ya bara, Hasselt ya Ubelgiji na London School of Hygiene & Tropical Medicine zinajulikana kwa fani hii. Nje ya vyuo, taasisi kama Ifakara, kituo cha KEMRI-Wellcome Kilifi na kitengo cha majaribio cha Mwanza huajiri watakwimu, na huko utajifunza majaribio makubwa haraka kuliko chuoni.

Shida ya ngazi ya chuo ni kwamba kupanda kunapimwa kwa machapisho, na jina lako litakuwa katikati ya orodha ya waandishi, au halimo kabisa na badala yake kuna "tunamshukuru". Vigezo vya kimataifa vya wahariri wa majarida ya tiba ni vinne: kuchangia kwa uzito usanifu, data au tafsiri yake; kuandika au kuhakiki andiko; kuidhinisha toleo la mwisho; na kubeba dhamana ya kazi nzima. Ukisanifu, ukachambua na ukaandika sehemu ya mbinu, umevitimiza, mradi usome andiko lote, ulipitishe na ukubali kubeba dhamana yake. Zungumza hili kikao cha kwanza, si siku ya kutuma jaridani. Njia ya pili ni kuwa na swali lako la kitakwimu ndani ya mradi wa mwenzio, kwa mfano jinsi ya kushughulikia data zilizokosekana, uliandike wewe ukiwa mwandishi wa kwanza.

Muda nao ni fedha iliyopangwa. Asilimia 10 ya muda wako ni nusu siku kwa wiki, na jaribio moja halitoshi hapo. Miradi saba ya asilimia 20 ni asilimia 140, na hiyo 40 inatoka kwenye usingizi wako. Hesabu kabla hujasaini, na jina lako liingie kwenye bajeti wakati andiko la ruzuku linaandikwa, maana fedha zikishafika hakuna mstari wa kukuongeza. Kwa wanafunzi weka karatasi moja ya makubaliano: swali, tokeo kuu, nani anasafisha data, siku ngapi kabla ya makabidhiano (wiki nne ni haki), na nafasi yako kwenye chapisho. Anayekataa kuijaza atakusumbua hata hivyo.

Kabla ya hayo yote, omba kibali cha mkuu wa wodi, ukakae asubuhi moja pale fomu zinapojazwa. Nenda bila kompyuta. Angalia nani anaandika saa, anaitazama wapi, na anaiandika kabla ya kumhudumia mgonjwa au mwisho wa zamu akiwa amekaa na rundo la mafaili.